Nani Hamwoni Jirani Yake?

Inspekta Gunhild Fors alipofika Rörvålen kulikuwa hakujapambazuka sawasawa, na kitu cha kwanza kilichomkera ni kwamba kila aliyemsalimia alikuwa na uhakika.

Mkuu wa kikosi cha uokoaji, Torsten Kvist, alikuwa na uhakika kuliko wote. Alimpokea kwenye maegesho akiwa na koti lake la rangi ya chungwa na kikombe cha kahawa ambacho hakumkaribisha. Nyuma yake pikipiki za theluji zilikuwa zinanguruma, mbwa wawili wanavuta kamba, na watu waliokuja kustarehe wikiendi walikuwa wamepangwa mstari mmoja kuelekea msituni, wakiita jina moja.

"Folke! Folke!"

"Folke Rydmark," Torsten alisema. "Miaka sabini na nne. Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo kule Borås. Basi zima ni wastaafu wa kiwanda hichohicho. Kila mwaka wanakuja kuteleza kwenye theluji: Ijumaa usiku wako njiani, Jumapili wanageuza. Mzee ana maradhi ya kusahau. Alishuka hapa, akapotea hapahapa. Kuna nyayo za mtu mmoja zinatoka nyuma ya vyoo, zinaingia mitini. Ndizo tunazozifuata."

"Nani alimwona akishuka?"

"Jirani yake wa kiti, Sixten Tollin. Anasema mzee alilala bega kwa bega naye mpaka basi linaingia hapa. Sixten akashuka kuchukua ski zao, aliporudi akakuta kiti kitupu."

"Basi hakumwona akishuka. Aliona kiti kitupu."

"Gunhild," Torsten alisema kwa upole wa mtu anayejizuia, "mtu aliyekuwa ndani ya basi na sasa hayumo, ameshuka. Hapa hatuhitaji chuo cha polisi."

"Na una hakika gani kwamba alikuwa ndani ya basi?"

"Walisimama mara moja tu njiani, kituo cha mafuta cha Lillhed, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Kabla ya kuondoka dereva aliuliza swali la jirani. Hakuna aliyejibu."

Swali la jirani Gunhild alilijua tangu ziara za shule ya msingi, kama wanavyolijua wote waliokulia nchi hii. Dereva hahesabu vichwa. Anashika kipaza sauti na kuuliza: kuna yeyote hamwoni jirani yake? Wakikaa kimya, mlango unafungwa na safari inaendelea. Hivyo ndivyo wanavyosafiri watoto, wanakwaya, mashabiki wa mpira wa magongo na wastaafu, na mara zote kimya kinachukuliwa kuwa jibu.

Baridi ilikuwa nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri na upepo ulikuwa unaanza kuamka. Mzee mwenye akili inayopotea na kurudi hawezi kungojewa mpaka adhuhuri. Kama Torsten alikuwa sahihi, Folke alikuwa mahali fulani katika miti ile, na watu wa kutosha walikuwa wanamtafuta. Kama Torsten alikuwa amekosea, hakuna mtu hata mmoja duniani aliyekuwa anamtafuta pale alipo.

"Naomba nilione basi," Gunhild alisema.

Dereva alikuwa amesimama mlangoni, shingo ameizamisha kwenye kola. Jina lake Ove Lindroos, jitu la mtu, na alikuwa amekwisha kujiona mshtakiwa.

"Niliuliza," alianza kabla hajaulizwa. "Niliuliza kwa kipaza sauti, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. Kimya. Nikangoja. Kimya. Nikafunga mlango. Nimeendesha watu hawa mwaka wa sita huu, sijawahi kumwacha hata mwanasesere."

"Sijasema umemwacha mtu. Hukuhesabu?"

"Kuhesabu! Hawa ni watu wazima. Ukianza kuwahesabu wanakuuliza kama wewe ni mchungaji wa kondoo."

"Pale Lillhed waliteremka wangapi?"

"Wachache. Mvua ya theluji ilikuwa inanyesha, nani atake kulowa? Wengi walikuwa wamelala. Kituo chenyewe ni cha kujihudumia, usiku hapana mtu. Vyoo viko nyuma. Nilijaza mafuta, nikafuta vioo, nikapuliza hewa ya moto mpaka vikakauka vyote, nikauliza swali, nikaondoka."

"Vioo vyote? Hata vya abiria?"

"Vyote. Maji yalikuwa yanatiririka ndani, abiria wakilalamika. Baada ya pale ndipo tulipoanza kupanda mlima, baridi ikaingia kweli, vikaganda upya. Basi kuukuu hili, bibi. Nimewaambia ofisini mpaka nimechoka."

"Na injini umeizima lini?"

"Palepale tulipofika. Ukiiacha inanguruma hapa, watu wa manispaa wanakuja mbio kuliko zimamoto."

Kwa hiyo ndani kulikuwa na baridi sawa na nje, au karibu yake. Gunhild alipanda ngazi akavuta hewa. Kulinuka sufu mbichi, kahawa na maganda ya machungwa. Waungwana hawa husafiri kama watu waliohamia: kila kiti na mto wake, blanketi lake, chupa yake ya chai, soksi nene zimetundikwa kwenye vishikio. Chini ya kila kiti palikuwa na viatu vya ski, au alama kwamba vilikuwapo. Hakuna mtu mwenye akili zake anayeviacha viatu hivyo kwenye buti la basi usiku kucha. Vikigandishwa huwa vigumu kama chuma, na asubuhi utalia ukijaribu kuvivaa.

Kiti cha Folke kilikuwa safu ya kumi na moja, upande wa dirisha. Viatu vyake vya ski vilikuwa chini, vimefungwa vizuri, glavu zimetiwa ndani. Kando yake, juu ya gazeti, vilikaa viatu vyake vya kawaida vya baridi. Koti lilining'inia kwenye ndoano. Gunhild alipapasa mfuko wa koti akatoa simu.

"Ametoka bila koti, bila viatu, bila simu," alisema. "Miguuni ana nini?"

"Ndara za sufu," Ove alijibu kutoka mlangoni. "Huwa anabadilisha akishaingia tu, kama yuko sebuleni kwake."

Torsten alikuwa amewafuata. "Ni ugonjwa huo," alisema. "Baba yangu aliwahi kwenda kanisani na pajama. Ndiyo maana nasema tusipoteze muda humu."

Gunhild alikuwa amekwisha kuacha kumsikiliza. Alikuwa anatazama madirisha. Kila dirisha, kushoto na kulia, lilikuwa limefunikwa kwa ndani na barafu nyeupe, nene chini na nyembamba juu, pale pumzi za watu zilipogota na kuganda. Wengine walikuwa wameikwangua kwa kucha wapate tundu la kuchungulia. Mtu mmoja alikuwa amechora moyo, akaufuta nusu. Gunhild aliipita safu ya kumi, akaipita ya kumi na mbili, akarudi.

Dirisha la safu ya kumi na moja lilikuwa safi, bila barafu. Pembeni tu palikuwa na ukungu mwepesi, wa upande wa kiti cha ujiani. Kupitia kioo kile aliwaona watafutaji vizuri kabisa, mmoja mmoja.

"Ove, hewa ya moto inatokea wapi?"

"Chini, bomba moja limepita urefu mzima. Safu zote sawa."

"Hapa hakuna hitilafu? Hapavuji, hapana joto la ziada?"

"Lingekuwapo joto la ziada, wangepigania hicho kiti."

Gunhild alikaa palepale, kwenye kiti cha mzee. Hakupenda alichokuwa anakifikiria, kwa sababu kilikuwa kinaondoa zaidi ya mtu mmoja kwenye safu ile.

Simu yake iliita. Ilikuwa namba ya Tyra Rydmark, binti wa Folke, aliyekuwa barabarani akija kutoka upande wa Mora. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza.

"Mmempata?"

"Bado. Tyra, nisaidie. Baba yako huwa anatembea ovyo? Anatoka tu na kuondoka?"

"Hapana. Hilo ndilo ninalowaambia hao wenzako na hawasikii. Baba hazururi. Hajui leo siku gani, ananiita jina la shangazi yangu, lakini ukimwambia kaa hapa, atakaa mpaka umrudie. Tumemfundisha: ukipotezana na watu usiondoke, simama penye mwanga, watakuja kukuchukua. Hilo halijapotea bado."

"Anashuka basini peke yake?"

"Sixten hawezi kumwachia. Mimi nilikataa safari hii, inspekta. Nilikataa katakata. Sixten akaja nyumbani, akakaa jikoni, akala mkate wangu wa iliki, akaniapia kwamba hatabanduka ubavuni mwa baba. Akienda chooni, yeye yuko mlangoni. Miaka thelathini walisimama mashine moja, wale. Ndiyo nikakubali."

"Endesha polepole," Gunhild alimwambia. "Nitakupigia mwenyewe."

Alimkuta Siv Hallander kwenye chumba cha kuotea moto, chini ya ngazi za duka la kukodishia ski. Siv alikuwa amerudi kutoka msituni kubadilisha soksi. Mama huyo mfupi mwenye mashavu mekundu alikuwa ameshika kikombe cha supu tamu ya matunda ya bluberi kwa mikono miwili. Gunhild alimfuata yeye kwa sababu moja: nyuma kabisa ya basi, penye meza na pazia, alikuwa ameona karata zimetawanyika na skafu ya zambarau, na pacha wa skafu ile, yaani kofia yake, alikuwa kichwani kwa Siv.

"Pole na baridi, Siv. Naitwa Gunhild, polisi."

"Pole ni kwa Folke maskini. Mimi nina supu."

"Mlikuwa mnacheza karata kule nyuma?"

"Tangu Borås mpaka mlimani!" Siv alijiziba mdomo, akaona haya. "Samahani. Sasa hivi inaonekana upuuzi."

"Nani alishinda?"

"Usiniulize, utaniudhi. Sixten. Mtu ambaye hajawahi kushinda kitu, si kwa bahati nasibu, si kwa ndoa. Jana mkono wake ulikuwa wa moto. Kila akisema anarudi kwa Folke, tunamshika shati: kaa hapo, utatukimbiaje na ushindi wetu? Na Folke alikuwa amelala fofofo, tulimwona kabla hatujavuta pazia."

Gunhild aliinua kijiko cha mtu kilichokuwa mezani akakirudisha. "Pale Lillhed, Sixten alikuwa wapi?"

"Palepale mezani. Hatukushuka hata mmoja, nani ashuke na mvua ile? Pazia tumelivuta, taa yetu ndogo tumeiwasha."

"Swali la jirani mlilisikia?"

"Tulilisikia. Tena tulicheka mpaka machozi." Siv alianza kutabasamu kwa kumbukumbu. "Dereva anauliza, nani hamwoni jirani yake? Sixten akaninyooshea kidole, akasema, wangu ninamwona vizuri mno, huyu hapa, ananiibia kopa."

Tabasamu lilimganda usoni. Alikitazama kikombe, akamtazama Gunhild, na mtu angeweza kuona kabisa jambo likipita nyuma ya macho yake na kutafuta mahali pa kukaa.

"Lakini Folke alikuwamo," alisema kwa haraka. "Sixten mwenyewe amesema. Alirudi kwake taa zilipowashwa, tunakaribia kufika. Amesema alikuwa kando yake. Sixten si mtu wa uongo, inspekta. Muulize yeyote."

"Nitamuuliza yeye," Gunhild alisema.

Walimtoa Sixten Tollin kwenye mstari wa watafutaji. Alikuwa mbele kuliko wote, theluji imemfika mapajani, sauti imemkauka kwa kuita. Mtu mrefu, mwembamba, mwenye masharubu yaliyoganda. Gunhild angeweza kumhurumia, na baadaye alimhurumia, lakini si wakati ule. Alimpandisha basini akamwambia akae kiti chake. Yeye alibaki amesimama ujiani.

"Sina muda, mama," Sixten alisema. "Kila dakika ninayokaa hapa..."

"Ndiyo. Niambie ya jana usiku. Kwa ufupi."

"Nimeshasema. Alilala hapo, mimi hapa. Tulifika, nikashuka kuchukua ski."

"Kutoka Lillhed mpaka hapa mlikuwa hapa wawili."

"Wawili."

"Amelala kichwa kimeelekea wapi?"

"Dirishani. Huwa analalia dirisha."

"Anakoroma?"

"Kama trekta."

"Sogea kiti cha dirishani. Pumulia kioo."

"Nini?"

"Pumua, Sixten. Karibu, kama mtu aliyelala."

Alimtazama kama anayemwona mwendawazimu, lakini alisogea. Akapumua mara moja, mara mbili, mara tatu. Ukungu ulitanda kwenye kioo, mviringo wa ukubwa wa sahani. Walingoja. Mviringo ule ulianza kuwa mweupe pembezoni, ukajiotesha vijiti vidogo vidogo, ukaganda mbele ya macho yao.

"Hizo ni pumzi tatu," Gunhild alisema. "Sasa geuka utazame dirisha la mbele yako. Tazama la nyuma. Dereva alivikausha vioo vyote pale Lillhed, na walioketi hapo wamepumua tangu hapo. Trekta lako lilikuwa linapumulia wapi?"

Sixten hakugeuka. Alikuwa anautazama ule mviringo.

"Siv ameniambia habari za kopa," Gunhild aliongeza.

Nje, sauti za watu ziliita tena jina lile, na mwangwi ukarudi kutoka mlimani. Ndipo Sixten alipojishika uso kwa glavu zote mbili.

"Niliporudi alikuwa hayupo," alisema. "Nikadhani yuko mbele na dereva. Kila mwaka, alfajiri, huenda kukaa mbele aione milima ikitokea. Nikasema mwache astarehe. Nikasinzia. Tulipofika nikaenda mbele, na mbele palikuwa na mizigo tu."

"Hapo ungesema."

"Nilitaka kusema."

"Ulisema nini badala yake?"

"Kila mtu alikuwa ananitazama. Dereva akasema, swali niliuliza, hukujibu. Nikasema alikuwapo mpaka tunafika, nilishuka tu kuchukua ski. Neno likishatoka... Baadaye nikaziona zile nyayo nyuma ya vyoo. Nikajiambia, kumbe kweli ni yeye, kumbe sikudanganya, alikuwa mbele, ameshuka, amekwenda huko. Nimezifuata nyayo hizo kwa moyo wangu wote, mama. Naapa."

"Nyayo za viatu vya soli, Sixten. Folke ana ndara."

Hasira ilimpanda Gunhild mpaka masikio yakamwasha. Hakuwa na nafasi nayo. Alitoa simu na redio kwa pamoja, na kwa muda basi lile lilikuwa ofisi.

Torsten alijibu kwanza, akiwa na sauti iliyopungua nguvu. Nyayo zilikuwa zimefika kwenye kibanda cha mitambo ya lifti, na mwenye nyayo alikuwa ndani anakaanga mayai. Kila asubuhi hupita njia hiyo kwenda kazini. Gunhild alimweleza kuhusu Lillhed kwa sentensi mbili. Torsten akasema neno ambalo watu wa uokoaji hawalisemi mbele ya wajitoleaji, na akaanza kuwaita watu wake warudi.

Kituo cha dharura kilisema gari la wagonjwa lingetoka mjini, kusini ya Lillhed, na halikuwa karibu. Gunhild akauliza: usiku huu nani alikuwa kwenye barabara ile? Wakamwunganisha na mwanamume wa gari la kusafishia theluji, ambaye alikuwa kwenye karakana yake, kilomita chache kutoka kituo cha Lillhed, na kwa sauti yake alikuwa na mkate mdomoni.

"Mzee mwenye sweta na ndara?" alisema. "Nilimwona mbona. Alfajiri, nikielekea kusini. Amesimama chini ya taa kando ya barabara."

Gunhild alikaa. Mkono wake ulikuwa umekishika kishikio cha kiti bila yeye kujua. "Ulisimama?"

"Nikasimama, ndiyo, mimi si mnyama. Nikamwuliza, mzee, nikupe lifti? Akanishukuru vizuri sana, kiustaarabu kabisa. Akasema hapana, basi langu linarudi kunichukua. Nikamwambia apande garini kwangu apate joto. Akasema akiondoka pale hawatamwona. Alikuwa anaongea sawasawa, bibi! Nikadhani basi liko nyuma ya kona. Kwani halikurudi?"

"Halikurudi. Nenda sasa hivi. Usizime simu."

Walisikia kiti kikianguka, mlango, injini kubwa ikinguruma. Gunhild aliiweka simu juu ya kiti, sauti ikiwa wazi. Hakumwambia Sixten aondoke na Sixten hakuomba. Walisikiliza wiper zikikwaruza kioo na mtu yule akijisemea mwenyewe, njoo, njoo mama, panda, akilisihi gari lake. Ilichukua muda mrefu, au pengine haukuwa mrefu.

"Taa naiona," sauti ilisema. "Simwoni mtu. Ngoja. Kuna kitu kimelala hapa chini ya nguzo, kitambaa, kama..." Mlango uligongana. Hatua kwenye theluji. Kisha, kwa mbali, "Mzee! Mzee, amka! Nisikie, mzee!"

Sixten alikuwa amefumba macho.

"Yu hai!" mtu yule alipiga kelele. "Amejiviringisha bendera ya tangazo, ameing'oa mlingotini, mzee jasiri huyu! Ananifungulia macho. Miguu yake si mizuri, bibi, vidole vimekuwa vyeupe kama nta. Namtia ndani. Joto lipo."

"Usivisugue," Gunhild alisema. "Blanketi tu. Gari la wagonjwa linakuja. Mwongeleshe asilale."

Walisikia akihema na kuvuta, na mlango ukifungwa, na upepo ukakatika ghafla. Halafu ikaja sauti nyingine, nyembamba, ikitafuta maneno yake moja moja.

"Ni... basi?"

"Si basi, mzee. Ni mimi wa asubuhi. Ila watu wa basi wako kwenye simu hapa, wanakusikia."

"Sixten yupo?"

Gunhild aliichukua simu kutoka kitini, akaishika mbele ya mdomo wa Sixten.

"Nipo, Folke."

"Aa." Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu anayeweka mzigo chini. "Nilijua. Kijana huyu alitaka kunichukua. Nikamwambia, mimi sihangaiki. Ninaye jirani. Wakimwuliza tu atasema." Kikohozi kikamkata. "Mengine yananipotea, lakini hilo nililishika. Nikalisema kila mara lisinitoke."

Sixten aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa kiti cha mbele.

"Mmekawia kidogo lakini," Folke alisema, bila lawama yoyote, kisha mtu wa gari akasema anaona taa za buluu, na laini ikakatika.

Nje watafutaji walikuwa wanarudi. Habari ilikuwa imewafikia kwa redio, wengine wanapiga makofi kwa glavu, wengine wanakumbatiana, na Siv Hallander alikuwa amesimama peke yake kando ya basi, akitazama juu, kwenye lile dirisha lisilo na barafu. Ove alikuwa anapita katikati yao akiwaambia wote, mmoja mmoja, kwamba yeye aliuliza.

"Nitashtakiwa?" Sixten alisema.

"Sijui. Umewadanganya waokoaji, na hilo nitaliandika kama lilivyo. Litakalofuata si kazi yangu." Gunhild alilitoa koti la Folke kwenye ndoano, akaliweka mapajani mwa Sixten pamoja na viatu. "Hivi vitaenda hospitali."

Alibonyeza namba ya Tyra. Simu ilianza kuita, naye akamnyooshea Sixten.

"Mwambie wewe," Sixten alisema. "Tafadhali. Wewe ni polisi, unajua namna ya kuyasema."

"Si mimi uliyeniapia jikoni kwake."

Sixten aliipokea. Gunhild alianza kuelekea mlangoni, lakini ngazi zilijaa watu waliokuwa wanapanda kufuata vitu vyao, na alilazimika kusimama palepale akiwa amewapa mgongo, akisikia.

"Tyra? Ni Sixten. Baba yako yu hai, wanaye, anapelekwa hospitali." Upande wa pili mtu alilia, na Sixten akangoja mpaka kilio kikaisha. Waliokuwa ngazini walisimama. "Usinishukuru," alisema. "Tyra, usinishukuru, nisikilize kwanza. Mimi sikuwa kitini."